Shajara ya tasnifu yangu: mafagio ya Berea na shamba la shule kwetu

Septemba: mada imepita

Mada imepita! Msimamizi wangu alisema ni pana, nikapunguza, akasema bado pana, nikapunguza tena, mwisho kasaini. Kwa hiyo kuanzia leo nitakuwa naandika hapa kila hatua ya hii kazi mpaka siku ya kuwasilisha, kwa ajili ya nyie wa nyumbani mnaoniuliza hivi kule Marekani unasoma nini hasa na mbona kila tukikupigia uko kazini.

Nianze na hilo la kazini. Nasoma Berea College, chuo kidogo cha binafsi kwenye mji wenye jina hilohilo, jimbo la Kentucky, kama kilomita 65 kusini mwa Lexington, pale tambarare inapoisha na milima ya Appalachia inapoanza. Wanafunzi tuko kama 1,500 tu chuo kizima, sekondari za Dar zipo zenye watoto wengi kuliko sisi. Chuo hakimtozi mwanafunzi ada tangu 1892. Na kila mwanafunzi, asome fizikia asome muziki, lazima afanye kazi ya chuo isiyopungua masaa 10 kwa wiki. Kuna wanaopika, wanaolima na kuhudumia mifugo kwenye shamba la chuo, wanaopokea wageni kwenye hoteli ya chuo inayoitwa Boone Tavern (ipo tangu 1909), wa maktaba, wa kompyuta, wa kuwafundisha wenzao hesabu, wa kufuma vitambaa. Mimi niko karakana ya mafagio. Nalipwa, kidogo lakini nalipwa, na mwisho wa muhula bosi wangu wa karakana ananipa alama zinazoingia kwenye rekodi ya kazi inayokaa sambamba na rekodi ya masomo.

Masomo yenyewe nayo ni ya mtindo ambao kwetu hatujauzoea. Kwetu ukishapangiwa mchepuo wa kidato cha tano, HGL (historia, jiografia na lugha) au PCB (fizikia, kemia na baiolojia), ndio safari yako imeamuliwa. Hapa nabobea kwenye historia lakini nimesoma na sayansi, sanaa, dini, takwimu, kila mtu anapitia huko, na darasani mnakuwa wachache kiasi kwamba huwezi kujificha, profesa anakujua kwa jina na usipochangia wiki nzima anakufuata kukuuliza kama kuna tatizo nyumbani. Kwa mtu aliyetoka kwenye darasa la kukaa wanne dawati moja, hiki kitu kinakubadilisha. Nilikuwa nasoma ili nijibu mtihani, sasa hivi nasoma ili niweze kubishana na mtu mezani nikiwa na ushahidi.

Sasa mada. Mwaka 1967, mwezi Machi, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe pia ni shamba au karakana, mtoto asome na afanye kazi, asije akamaliza shule akawadharau wazazi wake wenye jembe. Berea ilikuwa imeshafanya kitu cha jamaa hiyohiyo miaka mingi kabla yake, na bado inafanya mpaka leo. Kwetu je? Wewe uliyesoma shule ya serikali unajua jibu. Kazi imebaki kuwa adhabu. Umechelewa, kafyeke. Umeongea Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza, kamwagilie bustani. Swali langu ni hilo: kwa nini huku kazi imedumu na heshima yake, na kwetu ikageuka fimbo?

Oktoba: kwenye nyaraka

Mwezi huu wote nimeishi Hutchins Library, chumba cha nyaraka. Unaacha begi nje, kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu, wanakuletea boksi moja moja na unafungua faili taratibu. Napapenda sana pale. Kuna barua za watu masikini kabisa wa milimani wanaomwandikia mkuu wa chuo kuomba nafasi kwa mtoto wao, na mwandiko unaonyesha kabisa huyu mtu kalamu anaishika kwa shida, ila hoja yake imenyooka.

Kwa ufupi historia ni hii, manake bila hiyo mada haieleweki. Mchungaji John G. Fee, mtu wa Kentucky anayepinga utumwa, alianzisha shule ya chumba kimoja hapa 1855, kwenye jimbo la watumwa! Ardhi alipewa na Cassius M. Clay, naye mpinga utumwa ingawa mwanasiasa. Desemba 1859, hofu ilipotanda baada ya mpinga utumwa John Brown kuvamia ghala la silaha la serikali kule Harpers Ferry, Virginia, kundi la watu wenye silaha wakamfukuza Fee na wenzake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikaja vikaisha, wakarudi. Na 1866, mwaka wao wa kwanza kamili baada ya vita, walikuwa na wanafunzi 187, weusi 96 na weupe 91, darasa moja. Hebu fikiria hicho kitu Kusini ya Marekani mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa. Kaulimbiu ya chuo imetoka Matendo ya Mitume 17:26, kwamba Mungu aliwafanya mataifa yote kwa damu moja, na hawa walikuwa wanaamini hivyo kweli.

Halafu 1904 bunge la Kentucky likapitisha sheria iliyoitwa Day Law, kwa jina la mbunge aliyeileta, kukataza weusi na weupe kusoma pamoja, na shule ya namna hiyo jimboni ilikuwa ni Berea. Chuo kikaenda mahakamani mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, kikashindwa 1908. Ikabidi kitafute hela za kujenga shule nyingine kwa ajili ya wanafunzi weusi karibu na Louisville, Lincoln Institute, ikafunguliwa 1912, na huku Berea wakabaki weupe mpaka sheria iliporekebishwa 1950. Carter G. Woodson, mwanahistoria aliyeanzisha mwaka 1926 wiki ambayo leo ni mwezi wa historia ya Weusi, alimaliza hapa 1903, mwaka mmoja tu kabla mlango haujafungwa. Nikipita kwenye kituo chenye jina lake hapa chuoni huwa nalifikiria hilo, mwaka mmoja ungemfanya asipite.

Nimeweka hii sehemu yote kwenye sura ya kwanza ingawa msimamizi anasema nifupishe. Sitaki kufupisha sana. Mtu akisikia chuo cha kazi na mikono anaweza kudhani ni mahali palipoanzia kwenye jembe, kumbe palianzia kwenye usawa, jembe lilikuja kwa sababu mtoto wa masikini anayekaa dawati moja na mwingine alikuwa hana hela, basi. Matofali ya kanisa kubwa la chuo, Phelps Stokes, lililojengwa 1906, walifyatua wanafunzi wenyewe. Na wakati wa mkuu wa chuo William Goodell Frost (1892 mpaka 1920), kina mama wa milimani walikuwa wanashuka na mablanketi waliyofuma wenyewe kwa mkono kulipia masomo ya watoto wao, chuo kikawa kinayauza mbali. Mpaka leo karakana ya kufuma ipo.

Oktoba mwishoni: suala la hela

Hapa ndipo kitu kimenigeuza kichwa, na naandika usiku huuhuu kisije kikanitoka.

Nilikuwa naenda na dhana kwamba Berea haitozi ada KWA SABABU wanafunzi wanafanya kazi. Watu wengi wanasema hivyo, hata wanafunzi wenzangu. Ukifuata hela unaona picha nyingine. Mwaka 1920 bodi ya chuo iliamua kwamba urithi wowote ambao mtu anauachia chuo bila kuutaja kwa matumizi maalum, usiliwe, uingie kwenye mfuko wa kudumu, na chuo kitumie faida yake tu. Wamefanya hivyo zaidi ya miaka mia. Leo ule mfuko ni zaidi ya dola bilioni moja na ndio unaobeba sehemu kubwa ya gharama zetu, pamoja na michango na misaada ya serikali kwa wanafunzi wa kimarekani. Mafagio yangu hayalipi ada ya mtu. Yanauzwa, ni mazuri, watu wanayapenda, ila hayawezi kumlipa profesa.

Sasa rudi kwenye waraka wa Mwalimu. Pale imeandikwa wazi kwamba shule zichangie gharama zake zenyewe, ziwe jumuiya za kiuchumi na siyo za kielimu tu. Na ukiangalia nchi ilivyokuwa huwezi kumlaumu, serikali changa, watoto wengi, hela hakuna. Ila ona matokeo yake shuleni: mwalimu mkuu anatakiwa aonyeshe gunia. Akishatakiwa aonyeshe gunia, kazi ya mtoto inapimwa kwa gunia, nani kajifunza nini inakuwa swali la baadaye au halipo kabisa.

Hii ndiyo hoja yangu. Berea inaweza kumruhusu mwanafunzi aharibu fagio kumi akijifunza kwa sababu chakula chake cha jioni hakitegemei lile fagio.

Msimamizi kasoma kurasa nilizomtumia, kaandika pembeni: "Thibitisha." Sawa, nathibitisha.

Novemba: karakana

Mitihani ya katikati imepita, nyaraka nimeziacha kidogo nikajiingiza kwenye sehemu ya kuchunguza kazi yenyewe, yaani kuandika kile ninachokifanya kila siku kama vile naangalia mtu mwingine.

Fagio la hapa linatokana na mtama. Nilipoambiwa mara ya kwanza sikuamini. Ni aina ya mtama iliyochaguliwa kwa ajili ya mashuke yake marefu, punje hazina maana sana, kinachotakiwa ni zile nyuzinyuzi za suke. Na mtama asili yake ni Afrika! Kwetu Usukumani tunaula ugali na kuupikia pombe, huku wanafagilia. Unaanza kwa kuchambua, marefu huku, mafupi huku, yaliyopinda weka pembeni. Unaloweka ili yasivunjike. Halafu unakaa kwenye mashine ya zamani ya kukanyaga kwa mguu, umeshika mpini, waya umefungwa kwenye mpini, unakanyaga mpini unazunguka na wewe unapachika mtama tabaka kwa tabaka huku waya unajikaza. Ukiuachia waya ulegee sekunde moja tu fagio zima linapwaya na huwezi kulificha, litajulikana likishakauka. Ukimaliza hapo unalibana kwenye kibanio liwe bapa na unalishona kwa sindano ndefu kwa mkono, mistari ikae sawa. Mikono inanuka nyasi kavu siku nzima, hata darasani.

Bosi wangu wa pale hana shahada ya uzamivu ila ana haki ya kunipa alama, na tathmini yake inasomwa. Fomu inauliza nawahi, najifunza, nawasaidia wapya, nachukua jukumu bila kusukumwa. Ananiitia meza moja tunaipitia wote wawili mstari kwa mstari, nina haki ya kusema hapa sikubali. Muhula uliopita nilimwambia kipengele kimoja hakinitendei haki na nikamweleza kwa nini, akasikiliza, akabadilisha maelezo. Hii nimeiandika tasnifuni neno kwa neno manake kwenye waraka wa 1967 Mwalimu naye alisisitiza kwamba wanafunzi wapewe nafasi ya kuamua mambo mengi ya shamba lao, walime nini, wagawane vipi kazi, mapato yatumike vipi. Alishaona mbali kwamba amri tupu haitafika popote. Hicho kipande ndicho kilichoangushwa njiani, na kinaniuma kwa sababu kilikuwa kimeandikwa.

Wenzangu karakana: mmoja anasoma kemia, mwingine dada wa hapahapa milimani anasomea uuguzi, bibi yake naye alisoma hapa. Tunabishana mada za madarasani huku tunashona. Kuna jioni tulishinda tukibishana kama mtu anaweza kuwa huru akiwa hana ardhi, kisa kila mmoja alikuwa ametoka darasa tofauti lililogusa hilo, na hapo ndipo naona maana ya chuo kidogo, masomo yanakutana kwenye mtu bila kupangiwa ratiba.

Januari: mjomba

Likizo ya Krismasi sikusafiri, nauli haishikiki, nikabaki hapa theluji nje na chuo kimya, nikafanya intavyuu za simu. Kipindi hiki tunapishana masaa 8 na nyumbani, kwa hiyo saa nane za usiku kwangu ndio mjomba kashakunywa chai yake ya asubuhi. Wote niliozungumza nao nimewaomba ruhusa na majina hayatatokea.

Mjomba wangu alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 70 na baadaye akaja kuwa mwalimu, wilaya za kwetu za pamba. Shikamoo mjomba, marahaba, habari za baridi, halafu nikamwomba anieleze shamba la shule bila kunificha kitu. Akaanza na furaha kwanza. Anasema miaka ile ya mwanzo walikuwa wanalima na walimu wao, mwalimu naye kashika jembe, pamba ikiuzwa wanaambiwa mbele ya mstari imepata shilingi ngapi, mwaka mmoja ikanunuliwa mipira na jezi na wao wenyewe ndio walipiga kura. Anaikumbuka rangi ya jezi mpaka leo.

Halafu sauti ikabadilika. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi ikaingia kwenye mbio za kila mtoto aende shule, 1977 ikawa ndio UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, madarasa yakafurika, walimu wakaletwa wa haraka haraka. Mwalimu mwenye watoto wengi kiasi hicho haendi shambani kulima nao. Anawapimia ngwe anarudi kivulini. "Siku mwalimu alipoacha kushika jembe," mjomba kaniambia, "watoto waliona. Mtoto haambiwi, anaona." Na akaendelea kusema kwamba hela za pamba zikaacha kutangazwa mstarini. Zilikwenda wapi? Nyingine kwenye chaki, nyingine kwenye ukarabati, nyingine hajui. Wakati yeye anaanza kufundisha, kumpa mtoto ngwe ilikuwa tayari ni adhabu iliyozoeleka na anasema naye alizitoa sana tu, hakuna aliyemwambia kuna njia nyingine.

Nimezungumza na wengine pia, mama mmoja aliyesoma Kilimanjaro na mzee wa Lindi, na kwa sehemu kubwa mstari ni uleule: mwanzo palikuwa na pamoja, halafu pakawa na amri. Mama wa Kilimanjaro ana tofauti moja muhimu, shule yao iliendelea vizuri mpaka miaka ya 80 kwa sababu kamati ya wazazi ilishika daftari la mapato na ililisoma hadharani. Hiyo ni dhahabu kwangu. Inaonyesha tatizo halikuwa jembe.

Februari: sura ya tatu inakataa

Sura ya tatu ndiyo ya kulinganisha na imenitoa jasho. Msimamizi ananibana, na yuko sahihi kunibana, kwamba huwezi kulinganisha chuo kimoja chenye dola bilioni na nchi nzima yenye maelfu ya shule. Nimekaa na hilo. Jibu langu kwa sasa: silinganishi utajiri, nalinganisha masharti ya kazi. Nani anafanya kazi pembeni ya mwanafunzi, nani anaona hesabu, tathmini inapima nini, na kazi inatumika kama adhabu au hapana. Haya manne hayahitaji bilioni. Mama wa Kilimanjaro alikuwa na mawili kati ya haya kwenye shule ya udongo.

Ili Berea isionekane ni muujiza mmoja nimeongeza vyuo vingine vya kazi vya huku, ni vichache nchi nzima. Kuna Warren Wilson kule North Carolina, Blackburn Illinois, Alice Lloyd hapahapa Kentucky, na Paul Quinn kule Dallas, chuo cha kihistoria cha Weusi. Hicho cha Paul Quinn nakipenda. Kilikuwa kwenye hali mbaya ya hela, wakafuta timu ya futiboli ya kimarekani, na uwanja wenyewe 2010 wakaugeuza shamba la mboga, kwenye mtaa ambao duka la vyakula vizuri lilikuwa mbali. Texas hiyo, ambako futiboli ni kama dini! Mwalimu angefurahi kuona lile shamba lenye nguzo za magoli.

Nimeandika pia ukurasa mzima wa mambo ambayo hata hapa hayajakaa sawa. Wiki za mitihani masaa 10 ni mazito na yapo macho mekundu karakana nzima. Malipo ni madogo, na kwetu wageni wenye viza ya mwanafunzi kazi ya nje ya chuo haturuhusiwi kiholela, kwa hiyo hicho kidogo ndicho kila kitu, wengine wanakituma nyumbani. Kuna mwenzangu anasomea digrii na kumsomesha mdogo wake sekondari kwa mshahara huohuo wa kufagia mabweni. Namheshimu kuliko ninavyoweza kuandika.

Machi: nilipofika

Sura nne drafti zipo. Ya kwanza na ya pili zimeshasomwa zikarudi, ya tatu iko mezani kwa msimamizi, ya nne nahitaji kuikata, imejaa maelezo ya mafagio kuliko inavyotakiwa ingawa bosi wangu kaisoma akasema asikatwe hata mstari. Prezentesheni ni mwezi ujao, kila mtu wa chuo anaruhusiwa kuja, na nimeomba niende na fagio moja nililoanza na kulimaliza mwenyewe pamoja na mashuke mabichi ya mtama niwaonyeshe linatokea wapi.

Nimeanza pia muhtasari wa Kiswahili, kurasa chache, kwa ajili ya walimu wakuu wa shule za kwetu. Sitaki uwe na lugha ya kitaaluma. Nataka mwalimu mkuu wa shule yenye ekari mbili na bustani ya mchicha ausome jioni moja na Jumatatu aweze kufanya jambo: ashike jembe na watoto, asome hesabu ya mchicha mstarini, afute ngwe kwenye orodha ya adhabu.

Kinachonikwamisha sasa hivi ni namba. Simulizi ninazo za kutosha ila daftari la miradi la shule, lile lenye mavuno na mauzo ya kila mwaka, sijapata hata moja la miaka ya 1967 mpaka 1980. Mjomba anasema la shule yake huenda liko kwenye sanduku la mwalimu mkuu mstaafu, atapita Jumamosi akitoka mnadani. Kama wewe, au mzazi wako, au shule uliyosoma mnalo la namna hiyo, hata kama limeliwa na mchwa nusu, naomba upige picha kila ukurasa kabla halijachomwa na uniandikie. Jina la shule nitalificha ukitaka. Drafti ya mwisho inafungwa katikati ya Aprili, kwa hiyo tarehe za mwanzo mwanzo zingenifaa sana.